Lita si kilo, na somo letu la densiti halitusaidii

Nenda duka lolote pale Kisesa linalouza mafuta ya kupima, usimame pembeni dakika kumi tu. Utasikia mteja akiomba "nusu kilo ya mafuta", na muuzaji, bila kugusa mizani, anachukua kikopo cha nusu lita, anajaza, anamimina kwenye chupa ya mteja. Hakuna anayeshangaa. Mizani ipo hapo hapo kaunta, lakini hiyo ni ya sukari na unga. Kwa upande wa mafuta, kilo na lita zimekuwa majina mawili ya kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Nusu lita ya mafuta ya alizeti ina gramu 460 hivi. Aliyeomba nusu kilo amekosa gramu 40, karibu vijiko vitatu vya chakula.

Makala haya hayaji kumsema muuza duka. Yeye anatumia lugha aliyoikuta, na mara nyingi bei aliyoweka ni ya lita, sema tu mteja anaiita kilo. Ninaowasema ni sisi wa upande huu: vitabu vya fizikia, majedwali ya kubadilishia vipimo tunayonakili bila kuyauliza maswali, na namna tunavyofundisha densiti kana kwamba ni jambo la mawe na chupa za maabara. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne amefundishwa densiti, ameijibia mtihani, na bado anatumwa nusu kilo ya mafuta na kurudi na nusu lita bila kujiuliza. Somo la namna hiyo limefeli mahali, na tuseme limefeli wapi.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina neno zito, nalo linafanya kazi mbili. Uji mzito ni uji usiomiminika kirahisi. Mzigo mzito ni ule unaokukata bega. Kwenye mazungumzo ya kawaida hatuchanganyikiwi, kwa sababu hakuna anayebeba uji kichwani akaulizwa ni mzito kwa maana gani. Ila ukifika kwenye mafuta, maana hizo mbili zinagongana. Mafuta ni mazito ukiyamimina: ya alizeti, kwenye joto la kawaida la chumba, yana mnato wa mara hamsini hivi kuliko maji. Lakini ukiyaweka kwenye mizani ni mepesi kuliko maji ya ujazo ule ule. Mtu anayeona mafuta yakivutika polepole kutoka kwenye dumu, halafu akaambiwa ni mepesi, anaona kama anachezewa akili.

Sasa densiti inafundishwa kidato cha kwanza, na inafundishwa kwa Kiingereza, ambako kuna neno la kunata na lingine la kuwa na tungamo kubwa kwenye nafasi ndogo. Mwalimu anaandika ubaoni tungamo kugawa kwa ujazo, wanafunzi wananakili, na lile zito la Kiswahili linabaki kichwani likiwa na maana zake mbili, halijaguswa. Hakuna aliyewaambia: jamani, hapa kuna maneno mawili yamevaa shati moja. Ningekuwa natunga kitabu, hapo ndo ningeanzia, kabla ya fomula yoyote. Ningeweka chupa tatu mezani, maji, mafuta ya kupikia na asali, nikauliza ipi nzito, na nikawaacha wabishane.

Asali ni muhimu hapo kwa sababu yenyewe ni nzito kwa maana zote mbili. Lita moja ya asali iliyoiva vizuri ina kilo 1.4 na ushee. Mfugaji wa nyuki anayeijaza asali kwenye chupa za maji za lita moja na kuiuza kwa bei ya kilo anatoa karibu gramu 400 za bure kwenye kila chupa. Kwenye mafuta tunagombania asilimia nane, kwenye asali ni arobaini. Kosa ni lile lile, limegeuka upande tu.

Kwa nini mafuta ni mepesi? Vitabu vingi vinaishia kusema "kwa sababu densiti yake ni ndogo", na hilo si jibu, ni swali limerudiwa kwa sauti ya kiume. Jibu lipo na si gumu. Molekuli ya mafuta ya kula ina kichwa kidogo chenye oksijeni, na mikia mitatu mirefu iliyojengwa kwa viungo vya kaboni moja na hidrojeni mbili, kiungo baada ya kiungo, mara nyingi kaboni 18 kwa kila mkia. Kiungo kimoja kina tungamo la 14 kwa vipimo vya atomu. Molekuli moja ya maji ina 18. Nafasi zinazochukua zinakaribiana sana. Kwa hiyo ukijaza chombo kwa mikia, unapata tungamo pungufu kwenye nafasi karibu ile ile. Mafuta ya taa ni mikia mitupu, hayana oksijeni kabisa, ndo maana yanashuka mpaka gramu 0.8 hivi kwa mililita. Mafuta ya kula yana zile oksijeni sita za kichwani, na kwenye mikia kuna sehemu ambazo hidrojeni zimepungua, basi yanapanda mpaka 0.92. Hapo hatujazungumzia kunata. Kunata kunatokana na mikia kusuguana na kukwamana inapopishana, hadithi nyingine kabisa.

Lawama ya pili kwa vitabu ni maji. Kila kitu kinapimwa dhidi ya maji, na maji yanatupa namba nzuri kupita kiasi: lita moja, kilo moja. Hiyo si bahati. Wafaransa walipotunga mfumo wa metriki mwaka 1795, gramu waliifunga kwenye maji: tungamo la maji yanayojaza sentimita moja ya ujazo. Baadaye, kuanzia 1901 hadi 1964, lita yenyewe ilitafsiriwa rasmi kama nafasi inayochukuliwa na kilo moja ya maji. Yaani kwa zaidi ya miaka sitini, kusema "lita ni kilo" ilikuwa sheria ya kimataifa, mradi unazungumzia maji. Leo kilo imefungwa kwenye namba za fizikia tangu 2019 na haina habari na maji tena, lakini kivuli chake bado kipo vichwani mwetu. Vitabu vinatupa namba ya maji bila kutuambia kwamba ni ya maji peke yake kwa sababu watu waliamua hivyo. Mwanafunzi anaondoka akidhani ni tabia ya vimiminika vyote.

Kisha linakuja lile jaribio maarufu la mafuta kuelea juu ya maji kwenye glasi. Jaribio zuri, lakini linafundisha nini ambacho mtoto hajakiona kwenye mchuzi tangu azaliwe? Kuelea kunakuambia kipi ni chepesi. Hakukuambii ni chepesi kwa kiasi gani, na bei iko kwenye kiasi.

Tuingie kwenye bei basi, maana hapa ndipo mambo yanapouma. Chukua mfano wa kina mama wanaokaanga dagaa kando ya ziwa. Kukaanga dagaa kunakula mafuta, si kidogo. Tuseme kikundi kinatumia madumu manne ya lita ishirini kwa wiki. Tuseme pia msambazaji amewatajia bei ya kilo, shilingi 5,000, kisha anawaletea dumu na kudai 100,000, kwa hesabu kwamba ishirini ni ishirini. Ndani ya dumu hilo, kama ni alizeti, kuna kilo 18.4. Thamani yake kwa bei waliyokubaliana ni 92,000. Wamelipa 8,000 za ziada kwenye dumu moja, 32,000 kwa wiki, na kwa mwaka wa wiki 52 ni shilingi 1,664,000. Bei hizi ni za kielelezo, weka za kwenu uone. Asilimia haibadiliki.

Njia rahisi ya kulikamata kosa hili haihitaji kikokotoo: kilo ishirini za mafuta haziingii kwenye lita ishirini. Zinahitaji lita 21.7. Ukijaza dumu mpaka alama ya ishirini, unatakiwa ubakiwe na lita moja na zaidi ya nusu isiyo na pa kukaa. Kama muuzaji anasema amekupa kilo ishirini na kila kitu kimetosha ndani ya alama, basi hajakupa kilo ishirini.

Ona pia kwamba safari ya kwenda na ya kurudi hazilingani, na hapa hata watu makini huteleza. Kutoka lita kwenda kilo unapunguza asilimia nane. Kutoka kilo kwenda lita huongezi nane, unaongeza karibu tisa, kwa sababu unagawa kwa 0.92, huzidishi kwa 1.08. Kwenye chupa moja ni tone. Kwenye tani moja, mwenye kuongeza nane anapata lita 1,080, na mwenye kugawa sawasawa anapata 1,087. Lita saba hizo ni za mtu fulani.

Halafu kuna mahali ambapo hakuna muuzaji wala mnunuzi, na bado mtu anapunjwa. Fikiria shule ya bweni yenye wanafunzi 400. Mpango wa chakula umeandikwa kwa gramu, kama mipango mingi ya lishe inavyoandikwa: tuseme gramu 20 za mafuta kwa mwanafunzi kwa siku. Hiyo ni kilo 8. Mtunza stoo anasoma nane, anachota lita nane, anamkabidhi mpishi. Zilizotoka stoo ni kilo 7.36. Mafuta ya wanafunzi 32 hayakutoka kabisa, na daftari linasoma sawa. Hakuna aliyeiba. Mkaguzi akija atakuta kila kitu kiko safi. Kwenye lishe, gramu moja ya mafuta ina kilokalori tisa hivi, kwa hiyo ile gramu 1.6 anayoikosa kila mtoto kwa siku ni kilokalori 14 au 15. Kidogo, utasema. Ni kidogo kweli kwa siku moja. Ila ni kila siku, na ni upande mmoja tu, hakuna siku itakayozidi ili ifidie.

Hili la upande mmoja ndilo linalonifanya niliandike jambo hili kwa ukali kidogo. Makosa ya kawaida ya kupima huenda huku na huku: leo kikopo kimezidi, kesho kimepungua, mwisho wa mwezi yanafutana. Kosa la kuchanganya kilo na lita halifutani. Linaegemea upande mmoja mpaka mtu alisimamishe, na upande wenyewe unategemea nani kataja kipimo na nani kashika kikopo. Anayejua tofauti anaweza kuchagua siku ya kununua kwa kilo na siku ya kuuza kwa lita. Asiyejua hana la kuchagua.

Sasa niwageukie wenzetu wa majedwali. Kuna jedwali linalozunguka kwenye vitabu vya mapishi na kwenye simu zetu, linalosema kikombe kimoja cha mafuta ni gramu 218. Namba hiyo ni sahihi kabisa, Marekani. Kikombe chao cha kupimia kina mililita 237 hivi, na ukizidisha kwa 0.92 unapata 218. Kikombe cha metriki kina mililita 250, hicho kinatoa gramu 230. Na kikombe cha chai kilichopo kabatini kwako? Kipime kwanza, maana vingi havifiki hapo. Aliyenakili 218 bila kunakili 237 ametupa nusu ya ukweli, ile nusu isiyo na kazi peke yake.

Wengine wana tatizo la kinyume, wanatupa ukweli mwingi kuliko uliopo. Utakuta densiti ya mafuta imeandikwa kwa tarakimu nne au tano baada ya nukta, bila kutaja ni mafuta gani wala yalikuwa na joto gani. Huo ni urembo. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa mafuta ya mimea hakitoi namba moja, kinatoa masafa: kwa alizeti ni 0.918 hadi 0.923, kwa mbegu za pamba 0.918 hadi 0.926, yote yakilinganishwa na maji kwenye nyuzi 20. Kwa mawese kinatoa 0.891 hadi 0.899, lakini hiyo ni kwenye nyuzi 50, kwa sababu kwenye nyuzi 20 mawese huwa yameanza kuganda na huwezi kuyapima kama kimiminika. Kwa hiyo jedwali linaloweka alizeti 0.92 na mawese 0.89 kwenye safu moja, bila joto, linakufanya uamini mawese ni mepesi sana, kumbe yamepimwa yakiwa ya moto.

Joto lenyewe lina uzito gani kwenye hesabu? Mafuta yakipata joto yanatanuka, na densiti inapungua kwa takriban 0.0007 kwa kila nyuzi moja. Dumu lililolala kwenye nyuzi 20 na lingine lililoanikwa juani mpaka nyuzi 35, yote yakiwa na lita ishirini kamili kwenye alama, yanatofautiana kwa gramu 200 hivi. Mchana wa kawaida wa Mwanza, nyuzi 27 au 28, alizeti iko kwenye 0.915 badala ya 0.92. Kwa mapishi, sahau. Kwa dumu moja, sahau vile vile, labda kama una ugomvi na mtu. Kwa lori la tani kumi, usisahau: nusu asilimia ya tani kumi ni kilo hamsini. Mimi naona jedwali la uaminifu kwa matumizi ya nyumbani lingeandika 0.92, likanyamaza hapo, likaongeza mstari mmoja tu wa joto kwa wenye malori.

Kwa wenye shule karibu na Bujora, kuna kifaa cha kufundishia ambacho hakuna kitabu cha fizikia kinachokifikia, na wala hakikutengenezwa kwa ajili ya fizikia. Kwenye Makumbusho ya Wasukuma, yale aliyoyaanzisha Padre David Clement, kuna silinda inayozungushwa inayoonyesha namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi. Zamani vikundi vya rika katika Usukuma vilikuwa na maneno yao ya kuhesabia, tofauti na yale ya kila mtu, kama lugha ya siri ya kutambuana. Ukimsikia mtu akitaja namba, hujui ametaja ngapi mpaka ujue ni wa rika gani.

Hebu sasa mpeleke pale mwanafunzi wa kidato cha kwanza, azungushe silinda, halafu umuulize: "Nane" ya mtunza stoo ni nane ya rika gani, rika la kilo au rika la lita? Ataelewa kwa dakika moja kitu ambacho ubaoni tunakihangaikia wiki nzima: kwamba namba bila kipimo haijasema kitu, na kwamba kutoka rika moja kwenda jingine unahitaji mtu wa kutafsiri. Kwa mafuta, mtafsiri ni 0.92. Kwa asali ni 1.4. Kwa maji tu ndipo maneno ya marika mawili yanafanana, na kufanana huko ndiko kunakotupumbaza.

Na jambo hili si geni kwa watu wa Pwani pia. Zaka ya fitri kwa mapokeo ni pishi moja ya chakula, na pishi ni kipimo cha ujazo. Siku hizi tunanunua mchele kwa kilo, kwa hiyo kila mwaka lazima mtu abadilishe pishi kuwa kilo, na utasikia wengi wakitaja mbili na nusu na wengine wakipanda mpaka tatu. Hawabishani ovyo. Punje za mchele hazipangiki sawa na za mtama, kwa hiyo pishi moja haiwezi kuwa na kilo zile zile kwa kila nafaka. Wale waliouliza "pishi ya nini?" walikuwa wanafizikia kuliko kitabu changu cha kidato cha kwanza.

Ukitaka kujihakikishia, usiniamini mimi, pima. Unahitaji chupa moja, mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu, maji, na mafuta. Usijisumbue kutafuta chupa ya lita moja kamili, hiyo ndiyo raha ya jaribio hili. Pima chupa tupu ikiwa kavu. Ijaze maji mpaka mdomoni kabisa, ikauke nje, ipime. Mwaga, ikaushe vizuri ndani (usiharakishe, matone yaliyobaki yataharibu jibu), ijaze mafuta mpaka pale pale mdomoni, ipime. Toa tungamo la chupa kwenye vipimo vyote viwili, kisha gawa mafuta kwa maji. Ujazo wa chupa unajifuta wenyewe, kwa sababu ni chupa ile ile. Ukipata kati ya 0.91 na 0.93, umefanya kazi nzuri. Ukipata 0.97, chupa haikukauka au mafuta yana maji. Ukipata moja na zaidi, rudia, na usimlaumu Archimedes.

Tafadhali usifanye hivi kwa mizani ya sokoni yenye alama za kila gramu 50. Tofauti unayoitafuta kwenye chupa ya lita moja ni gramu 80, na mizani ya aina hiyo inaweza kuikosea zaidi ya nusu yake bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Chupa ndogo ya nusu lita kwenye mizani inayosoma gramu moja itakupa jibu bora kuliko dumu zima kwenye mizani ya gunia. Hili nalo halimo vitabuni: kwamba kabla ya kupima, ujiulize kifaa chako kinaona mpaka wapi.

Wakala wa Vipimo wamepiga kelele sana dhidi ya lumbesa, na wamefanya vizuri. Lakini lumbesa inaonekana. Gunia la viazi limevimba kichwani kama kilemba, mtu anaweza kulipiga picha. Asilimia nane ya mafuta haionekani hata ukikodoa macho, kwa sababu chupa imejaa. Na hakuna kosa la kisheria kuuza mafuta kwa lita, lita ni kipimo halali kama kilo. Kinachotakiwa ni bei ya kipimo kile kile kinachomiminwa, na mteja anayejua kuuliza: "Hiyo bei ni ya kilo au ya lita?" Swali la maneno machache, nalo lingefaa kuwa mtihani wa kidato cha kwanza badala ya lile jiwe la gramu sitini kwenye silinda ya mililita.

Nchi hii ya Ziwa haijaanza leo kugombana na vipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko makubwa juu ya mizani ya wanunuzi, na malalamiko hayo yalikuwa moja ya mbegu za ushirika uliojengwa na akina Paul Bomani, mpaka ikafika Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Walijua kusoma mizani ni sehemu ya kujitawala.

Pamba ile ile, mbegu zake ndizo zinazokamuliwa mafuta. Mkulima anaipima kwa kilo kwenye kituo cha kununulia. Mbegu zinaingia kiwandani kwa tani. Mafuta yakitoka na kusafishwa ile sumu ya gosipoli, yanafika dukani kwa lita. Mahali fulani kati ya lango la kiwanda na kaunta ya duka, kilo iligeuka lita. Wewe unayesoma chuo huko Mwanza, ukipata nafasi ya kutembelea kiwanda cha kukamua, tafuta ni mlango gani, na uulize wametumia namba gani.